Meyer: Jina Moja, Asili Mbili

Msikilizaji aliyesoma historia ya Mlima Kilimanjaro bila shaka anamkumbuka Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Jina hilo la ukoo, ambalo huandikwa pia Meier, Maier au Mayer, limeenea mno nchini Ujerumani.

Asili yake ni neno la Kilatini maior, yaani mkubwa. Katika Zama za Kati, Meier alikuwa msimamizi wa shamba la bwana mwenye ardhi, akikusanya kodi ya mazao. Baadaye neno likamaanisha mkulima aliyelikodi shamba lenyewe.

Wayahudi wa Ujerumani nao walikuwa na Meyer wao, litokanalo na Meir la Kiebrania, yaani atoaye nuru. Kwa hiyo jina la ukoo pekee halikutosha kumtambulisha Myahudi.

Kwa amri ya Agosti 1938, utawala wa Wanazi uliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao ya kwanza hayakuwamo katika orodha ya serikali kuongeza jina jingine kuanzia Januari 1939: wanaume Israel, wanawake Sara. Meyer mmoja akabaki na jina lake. Meyer jirani yake akatiwa alama.