Nyundo, risasi na puti: Historia ya kunyoosha bodi ya gari

Kibonyeo kidogo kwenye mlango wa gari huanza na jambo dogo. Mlango wa gari la jirani umefunguliwa kwa nguvu kwenye maegesho, pikipiki imekwaruza madigadi, au embe limeanguka juu ya boneti. Bati la bodi ya gari la kisasa lina unene wa takriban milimita 0.7, na rangi yote iliyo juu yake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Likisukumwa kidogo hurudi lenyewe, kama kifuniko cha kopo. Likisukumwa kupita uvumilivu wake hubaki na umbo jipya, na pale lilipopinda huwa gumu kuliko bati linalolizunguka.

Kwa zaidi ya miaka 100 mafundi wametafuta namna ya kuliondoa doa hilo, na njia zao kwa asili ni mbili: kulirudisha bati mahali pake, au kujaza shimo na kulificha. Ufundi huu ulianza na njia ya kwanza, ukahamia ya pili, na katika miongo ya karibuni umerejea ulikotoka.

Kutoka kwa seremala hadi kwa mhunzi

Magari ya mwanzo yalijengwa na mafundi wa magari ya farasi, nao walijenga walivyozoea: mifupa ya mbao ngumu, na juu yake mbao nyembamba au bati lililopigiliwa misumari. Hata Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908 na kufikia magari milioni 15 kabla ya kusitishwa mwaka 1927, lilikuwa na mbao ndani ya bodi yake kwa miaka mingi. Bati la bodi ya namna hiyo likibonyea, liling'olewa, likanyooshwa juu ya benchi, kisha likapigiliwa tena. Ajali ikiwa kubwa, kazi ilikuwa ya seremala kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mageuzi yalitoka Philadelphia, Marekani. Huko Edward G. Budd alianzisha kampuni mwaka 1912 akiwa na nia ya kutengeneza bodi nzima kwa chuma: vipande vikubwa vya bati vinakandamizwa kwa mashine hadi vipate umbo, kisha vinachomelewa pamoja. Dodge Brothers walipoingiza gari lao sokoni mwishoni mwa mwaka 1914, bodi yake ilikuwa ya chuma kutoka kwa Budd. Citroën ya Ufaransa ilinunua utaalamu huohuo, na mwaka 1924 ikaonyesha B10, gari lililoifikisha Ulaya katika zama za bodi ya chuma tupu.

Tangu hapo bati halikung'olewa tena kwa urahisi. Lilikuwa limeshikana na gari, tena lenye miviringo ambayo benchi bapa lisingeweza kuinyoosha. Fundi akalazimika kulifuata bati lilipo, na nyundo ikachukua nafasi ya randa.

Kibonyeo hurudi kinyumenyume

Fundi wa bodi huanza kazi kwa kiganja. Hukitembeza juu ya bati polepole, mara nyingine kupitia kitambaa chembamba, kwa sababu mkono hulitambua wimbi ambalo jicho halilioni. Akishaijua mipaka ya kibonyeo, hushika kipande cha chuma kizito kinachotosha kiganjani, chenye nyuso zilizochongwa kwa miviringo mbalimbali, na kukikinga upande wa ndani wa bati. Mkono wa pili hushika nyundo nyepesi yenye uso mpana na laini.

Nyundo hiyo haipigi katikati ya shimo. Inapiga vilima vinavyolizunguka, huku chuma cha ndani kikisukuma sehemu iliyozama. Kila pigo likitua, kilima hushuka kidogo na shimo hupanda kidogo. Fundi mzuri hupiga mapigo mengi mepesi badala ya machache mazito, maana bati lililobanwa mno kati ya vyuma viwili hutanuka, na bati lililotanuka halina tena mahali pa kukaa.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa utaratibu na Mmarekani Frank T. Sargent katika kitabu chake cha mwaka 1939, "The Key to Metal Bumping". Fundisho lake kuu ni kwamba kibonyeo kina mpangilio: kuna sehemu iliyogongwa kwanza na sehemu zilizofuata kupinda. Anayetaka kulirudisha bati aanzie mwisho na kurudi mwanzo, ili kilichopinda mwisho kitoke kwanza. Anayeanza kwa kupiga katikati huongeza jeraha jipya juu ya lile la zamani.

Kwa bati lililokwisha kutanuka, dawa ilikuwa moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard walibuni tochi ya kuchomelea kwa gesi ya asetilini na oksijeni. Kwa moto huo fundi alipasha doa dogo mpaka likawa jekundu, akaligonga kidogo, kisha akalipoza kwa kitambaa chenye maji. Chuma kikipoa ghafla husinyaa, na ziada iliyotanuka huvutwa pamoja.

Risasi iliyopakwa kama siagi

Baada ya nyundo yalibaki mabonde madogo ambayo rangi mpya ingeyaanika. Kwa miongo kadhaa mafundi waliyajaza kwa lehemu ya bodi, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya risasi na 30 ya tini. Mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, lakini hauwi majimaji kabisa mpaka ukaribie nyuzi 255. Katikati ya viwango hivyo huwa laini kama siagi, na fundi aliusambaza kwa kibao cha mbao ngumu kilichopakwa mafuta ya mnyama au nta ili usigande. Ukipoa, aliuchonga kwa tupa hadi ukalingana na bati.

Kazi iliyofanywa hivyo ilidumu, kwa kuwa lehemu hushikana na chuma chenyewe. Viwanda vya magari navyo viliitumia kufunika maungio ya bodi. Gharama yake ilikuwa afya: vumbi la risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, na fundi aliyesugua kila siku alilivuta kila siku.

Rangi inayokauka upesi

Rangi nayo ilikuwa kikwazo. Rangi za mafuta na vanishi za zama za farasi zilichukua wiki kadhaa kukauka, tabaka moja baada ya jingine. Mwaka 1923 DuPont na General Motors walileta Duco, rangi ya nitroselulosi iliyopulizwa kwa hewa na kukauka kwa muda mfupi. Ilianza kuonekana kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Kwa fundi wa gereji hii ilikuwa neema: mlango ulionyooshwa uliweza kupakwa rangi bila gari kulala gereji mwezi mzima.

Kilichofuata kilitoka kwa kampuni ya msasa. Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M, alikuwa akipeleka msasa wa majaribio kwa mafundi rangi wa St. Paul, Minnesota. Aliwaona wakihangaika na magari ya rangi mbili: karatasi walizozigandisha ili kutenganisha rangi zilibandua rangi mpya zilipotolewa. Mwaka 1925 akatoa tepu ya karatasi yenye gundi hafifu, ambayo hadi leo hakuna fundi rangi anayefanya kazi bila hiyo.

Neno msasa lenyewe lina historia katika Kiswahili. Msasa ni mti wa jamii ya mikuyu wenye majani makavu yenye kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipofika, ilirithi jina la mti.

Kopo la puti

Mwaka 1955 Robert Merton Spink, mwenye gereji mjini Miami, Florida, aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alitengeneza kijazio cha plastiki na unga laini wa talki, akakiita Bondo. Kijazio cha aina hiyo, ambacho gereji zetu hukiita puti, huchanganywa na kiasi kidogo cha kigandishi, na baada ya dakika chache huwa kigumu cha kutosha kusuguliwa. Hakihitaji moto, hakihitaji miaka ya kujifunza kibao na tochi ya gesi.

Hapo ndipo kazi ya bodi ilipoingia nyumbani. Mwenye gari aliyenunua kopo, kisu cha kupakia na karatasi chache za msasa aliweza kuziba kibonyeo uani kwake siku ya mapumziko. Lakini urahisi huo uligeuza mwelekeo wa ufundi. Mashimo ambayo zamani yangeinuliwa kwa nyundo yalijazwa tu. Tabaka nene la puti hupasuka bati linapotikisika, na puti isiyofunikwa vizuri hufyonza unyevu, hivyo kutu huanza kimyakimya chini ya rangi inayong'aa. Puti ilikusudiwa kumalizia kazi ya nyundo, si kuchukua nafasi yake.

Afrika Mashariki iliupokea ufundi huu ukiwa na tabaka zake zote, na lugha ya gereji imehifadhi njia uliyopitia: bodi, boneti, madigadi, bampa na puti ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa Kiswahili, wakati nyundo, bati na msasa yalikuwepo. Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, lilieleza jinsi watu wengi walivyokuwa wakijipatia riziki katika kazi ndogondogo nje ya ajira rasmi. Mafundi wa bodi wa jua kali ni miongoni mwao. Kuanzia Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi hadi Gerezani jijini Dar es Salaam, ujuzi wa kiganja na nyundo umepokezanwa kutoka kwa fundi hadi mwanafunzi bila kitabu. Pale ambapo kununua mlango mpya ni ghali kuliko siku tatu za fundi, sanaa ya kulirudisha bati haikupata nafasi ya kufa.

Bila kugusa rangi

Wakati puti ikitawala, njia ya zamani ilikuwa ikichukua sura mpya. Mafundi husimulia habari za Oskar Flaig, mfanyakazi wa Mercedes-Benz, ambaye mwaka 1960 alikuwa New York akitunza magari ya maonyesho. Inaelezwa kwamba magari yalipopata vibonyeo, alivisukuma kwa mpini wa nyundo kutoka ndani, na rangi ikabaki nzima.

Mbinu hiyo ilihitaji mambo mawili ili ienee: rangi inayonyumbuka na vibonyeo vingi. Rangi za nitroselulosi zilivunjika upesi, lakini rangi za baadaye ziliweza kupinda pamoja na bati bila kupasuka. Vibonyeo vililetwa na mvua ya mawe. Tarehe 12 Julai 1984 mvua hiyo iliupiga mji wa Munich na kuharibu magari takriban 200,000. Gari lililopigwa hivyo huwa na makumi ya vishimo visivyo na mkwaruzo, na kulipaka rangi upya lote ni kupoteza rangi nzuri ya kiwandani. Kwa kampuni za bima, fundi anayenyoosha bila kupaka rangi alikuwa nafuu kubwa.

Fundi huyo huweka taa yenye mistari ili mistari hiyo ionekane kwenye rangi kama kwenye kioo. Palipo na kibonyeo, mistari hujipinda na kukusanyika. Huingiza fimbo nyembamba ya chuma kupitia upenyo wa dirisha au tundu la taa, na kusukuma kidogo kidogo huku akitazama mistari, si fimbo. Mistari ikinyooka, bati limerudi. Ni fundisho la Sargent lilelile, likitumia mwanga badala ya kiganja.

Kinachowezekana nyumbani

Miaka ya 2000 vifaa vya nyumbani vya kuvutia bati kwa gundi vilianza kuuzwa Marekani kupitia matangazo ya televisheni, na leo vinapatikana karibu kila mahali. Kitufe cha plastiki hubandikwa katikati ya kibonyeo kwa gundi ya moto, kisha daraja dogo lenye skrubu hukivuta nje. Kwa kibonyeo kipana na kisicho na kina, chenye rangi nzima, njia hii hufaulu ikiwa bati limesafishwa vizuri kwa spiriti na kuvutwa kwa awamu. Kilima kidogo kinachobaki hugongwa taratibu kwa kipande cha plastiki. Pampu ya mpira ya kuzibulia sinki, ikilowanishwa, hufanya kazi hiyohiyo kwa kibonyeo kikubwa kilicho kwenye sehemu bapa.

Bampa ina kanuni yake. Tangu Renault 5 ya mwaka 1972 ilipotoka na bampa za plastiki, chuma kimepungua sehemu hiyo ya gari. Bampa nyingi za leo ni za polipropilini, ambayo hulainika kwa maji ya moto kabla ya kufika nyuzi zake za kuyeyuka, takriban 160. Maji yaliyochemka yakimwagwa juu yake, mkono uliovaa glavu nzito unaweza kuisukuma kutoka ndani, na maji baridi huifunga katika umbo lake.

Draya ya nywele na barafu kavu, zinazosifiwa sana, haziwezi kufanya hivyo kwa chuma. Bati la urefu wa milimita 300 likiongezewa joto la nyuzi 60 hurefuka milimita 0.2 tu. Kibonyeo kinachotoka kwa njia hiyo ni kile ambacho bati lake halikuwa limevuka uvumilivu wake, na kingetoka hata kwa kusukumwa kwa kidole.

Mipaka ya kazi ya nyumbani, basi, imewekwa na bati lenyewe. Kibonyeo kwenye mkunjo wa bodi au ukingo wa mlango kina chuma kilichokwisha kuwa kigumu. Rangi iliyopasuka imefungua mlango wa kutu. Alumini, inayotumika kwa bodi za magari kama Audi A8 tangu mwaka 1994 na Ford F-150 tangu toleo la mwaka 2015, hutanuka na kupasuka upesi kuliko chuma cha kawaida. Bampa yenye rada nyuma yake haifai kupakwa puti nene, kwa kuwa inaweza kuizuia kuona. Katika hali hizo kazi hurudi kwa fundi wa bodi, ambaye huanza, kama walivyoanza waliomtangulia, kwa kutembeza kiganja juu ya bati ili ajue lilipita wapi lilipokuwa likiingia.