Mwaka Mmoja Lubumbashi: Kifaransa cha Chuo na Kiswahili cha Mji

Walimu wengi wa lugha katika nchi zinazofundisha kwa Kiingereza wamewahi kutamani kukaa mwaka mmoja katika chuo kikuu kinachofundisha kwa Kifaransa. Aghalabu hufikiria Paris, au Dakar. Sisi, walimu wawili wa Kiswahili kutoka Uganda, tulikwenda Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwa sababu mbili. Kwanza, nauli ya basi ilikuwa nafuu kuliko ya ndege. Pili, tulidhani kwamba pale Kifaransa kitakapotushinda, Kiswahili kitatuokoa. Sababu ya kwanza ilikuwa sahihi. Hiyo ya pili ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Yafaa ikumbukwe kwanza jinsi chuo chenyewe kilivyozaliwa. Wabelgiji walipoitawala Kongo waliacha elimu mikononi mwa wamisheni. Watoto wengi walifundishwa kusoma kwa lugha za Kiafrika, ilhali Kifaransa kiligawiwa kwa kibaba, na aliyetaka elimu ya juu alikuwa na njia moja tu, nayo ni seminari. Thomas Kanza, aliyepelekwa Louvain mwaka 1952 na kupata shahada yake mwaka 1956, anatajwa kuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kabisa wasio mapadri kuhitimu chuo kikuu. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, na mwaka 1956 chuo cha serikali kikaanza masomo Élisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966. Uhuru ulipofika mwaka 1960, waliohitimu vyuo vikuu katika nchi ile kubwa hawakutimia 30. Katika hali hiyo, Kifaransa hakikuwa somo tu. Kilikuwa ufunguo wa ofisi.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya lugha na fasihi yakapelekwa Lubumbashi. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, lakini miaka ile kumi iliufanya mji wa shaba kuwa mji wa wanaisimu pia. V. Y. Mudimbe alifundisha pale. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Ujerumani, alifundisha huko katika miaka ya 1972 hadi 1974. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi wakapendekeza lugha za taifa zipewe nafasi shuleni. Baadaye ilikuja mikosi: Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku katika mabweni yao, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha misaada yake, na chuo kilichukua miaka mingi kunyanyuka.

Katika ukumbi wa mihadhara tulikuwa mabubu. Hatusemi hivi kwa kutia chumvi. Kifaransa tulichokuwa tumejifunza vitabuni kilikwenda polepole, kikiwa na nukta na mikato. Kile cha mhadhiri kilipita kama maji ya mvua. Mwanafunzi hununua kijitabu cha mhadhara, hukisoma usiku, na mwisho wa mwaka husimama mbele ya mwalimu kujibu kwa mdomo. Alama hutolewa juu ya 20, na mwenye 10 amefaulu. Lakini kilichotusumbua zaidi ni insha. Sisi tulilelewa kueleza msimamo wetu mwanzoni, kisha kuutetea kwa mifano. Kule mwandishi hatakiwi kufichua msimamo wake mapema hivyo. Huanza kwa kulitafuta swali lililofichwa ndani ya swali, hujenga hoja, huijengea hoja ya kuipinga, kisha huzipatanisha. Insha yetu ya kwanza ilirudishwa na maneno machache pembeni, kwamba tumejibu kabla ya kuuliza. Tulikasirika kwa wiki nzima. Leo twawafundisha wanafunzi wetu kulitafuta swali hilo, na twaona lawafaa hata katika insha za Kiswahili.

Tulipanga chumba Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa mke wa mchimba madini. Alitupikia bukari, yaani ugali, kwa sombe, na jioni alitusemesha kwa Kiswahili cha mji wake. Alisema “bantu” kwa watu, “bintu” kwa vitu, “mu nyumba” kwa nyumbani. Mtoto mdogo alikuwa “katoto”. Nasi, tukiwa na vyeti vyetu vya ualimu, tukamsahihisha. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu alinyamaza. Baada ya hapo alituzungumzia kwa Kifaransa tu, Kifaransa kizuri kuliko chetu, akituita Mabwana. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi, nyumba ile ikawa kama ukumbi wa mihadhara.

Aibu ile ndiyo iliyotupeleka maktabani kutafuta Kiswahili kile kilitoka wapi. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Katanga, na Msiri, aliyetoka kwa Wanyamwezi, akajenga huko ufalme wake uliodumu hadi alipouawa mwaka 1891. Lakini Kiswahili cha mjini si mtoto wa misafara pekee. Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910, reli ikitoka kusini, na kampuni ya Union Minière ikahitaji wachimbaji wengi. Iliwaleta kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na tangu miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Burundi. Fabian ameeleza kwamba wakoloni walikipendelea Kiswahili kwa sababu zao wenyewe, mojawapo ikiwa kuwatenga wafanyakazi na athari za Waingereza waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Yaani ile “ba-” tuliyoisahihisha haikutokana na uzembe. Iliingia na wazazi waliokuwa nayo tayari katika lugha zao, wakaitia katika lugha waliyokabidhiwa kazini. Kwa Mganda jambo hili lina utani wake: kwetu Kiswahili kililaumiwa kuwa lugha ya askari, na Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, kule kilikuwa lugha ya mgodi, na watu wakakigeuza kuwa lugha ya mama.

Huko maktabani ndiko tulikokutana na andiko la André Yav. Lina jina la Kifaransa, linaloanza na neno “Vocabulaire”, lakini ndani ni historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, iliyoandikwa mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ni wapishi na maboi wakieleza wenyewe mji wao ulivyojengwa, na nani aliyewajengea Wazungu. Fabian alilitoa kitabuni mwaka 1990. Tahajia yake haitulii, maneno yameungana na kuachana bila kanuni, na ukilisoma kimyakimya hulielewi. Fabian mwenyewe alisaidiwa na Kalundi Mango, aliyemsomea kwa sauti.

Tulitoa nakala ya kurasa kadhaa tukazipeleka Kamalondo. Tulimwomba mama radhi, kwa Kiswahili, tukamweleza kwamba hatuwezi kulisoma andiko lile bila yeye. Alikaa kimya kidogo, akafuta mikono, akasema tuanze. Tukaanza kwa matamshi ya darasani. Alitukatiza mara tatu kabla ya kuumaliza ukurasa wa kwanza.