Siku Kuu na Dhamiri ya Mkristo

Msomaji, ukisafiri kutoka Eldoret kwenda Nakuru utapita Cheptiret, mahali inapochepuka njia ya kwenda Kesses na Chuo Kikuu cha Moi. Ukiona milango ya makanisa ikifunguliwa siku ya Krismasi, huenda ukadhani kwamba Wakristo wa nchi hizi wamekuwa na kalenda moja sikuzote. Sivyo.

Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari yaliyokokotwa na ng'ombe walitoka katika taifa lililoitukuza tarehe 16 Desemba, kwa ukumbusho wa nadhiri ya mwaka 1838 waliyoiweka wazee wao kabla ya kupigana na Wazulu. Ilikuwa siku ya sala, lakini pia ya kushangilia ushindi juu ya Waafrika. Sidhani kibarua wa Kinandi angeitika "Amina" kwa moyo. Upande wa magharibi, huko Kaimosi, Marafiki kutoka Marekani walikuwa wamefungua misheni mwaka 1902. Mapokeo yao ya tangu karne ya 17 yasema hakuna siku iliyo takatifu kuliko nyingine, na huko Uingereza wazee wao walifungua maduka hata siku ya Krismasi. Nao Waadventista, wenye chuo kikuu huko Baraton karibu na Kapsabet, huacha kazi tangu jua linapotua Ijumaa hata linapotua Jumamosi.

Ni nani aliye na haki? Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya waraka wake kwa Warumi, hakuwachagulia siku. Alitaka kila mtu awe na hakika akilini mwake, wala asimhukumu ndugu yake. Maneno hayo ni mepesi kusoma. Huko Massachusetts, mwaka 1659, Wakristo waliweka sheria ya kuwatoza wenzao faini ya shilingi 5 kwa kusherehekea Krismasi, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681.

Jambo hili limewagusa hata wanafunzi kama wewe. Watoto wa Kiadventista walipotakiwa shuleni kuhudhuria masomo siku ya Jumamosi, kanisa lao lilikwenda mahakamani. Lilishindwa katika Mahakama Kuu; lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki ya kuishika Sabato yao. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 hakiruhusu mtu alazimishwe kutenda lililo kinyume cha imani yake. Ikabaki kazi ya walimu: kupanga ratiba ambayo mtoto ataweza kuondoka darasani Jumamosi pasipo kupitwa na somo, na pasipo wenzake kumwita mvivu.