Mota ya Feni ya Hita: Historia Fupi Kutoka Kabale

Tulipotakiwa kuandika historia ya kitu kimoja kinachotumika nyumbani kwetu, wenzangu wengi walichagua redio, cherehani au jiwe la kusagia. Mimi nilichagua mota ya feni ya hita iliyotolewa kwenye gari la babu yangu mwezi wa Aprili, huko Kabale. Rafiki yangu anayetoka Gulu, ambako mtu hutafuta upepo wa baridi wala si joto, aliniuliza kama kweli yupo Mganda aliyewahi kuwasha hita ndani ya gari. Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kabale iko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi. Asubuhi za mvua, ukungu hujaa mabondeni na watu hutoka nyumbani wamevaa makoti. Abiria wanne waliolowa wakiingia garini, pumzi na nguo zao hutoa mvuke unaofunika kioo cha mbele kwa ndani kabla gari halijafika barabara kuu. Dawa yake ni upepo wa moto unaopulizwa kiooni. Babu ana gari dogo la Kijapani lililotengenezwa mwaka 1992, na baada ya kutumika miaka mingi feni yake ilianza kupiga mluzi, kisha ikawa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Kelele zilipozidi, babu akaacha kuiwasha. Gereji moja ya Kampala ilimshauri aizibe hita yote: mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya moto iunganishwe yenyewe kwa yenyewe, maji yasifike ndani. "Mzee, hiki ni kitu cha nchi za baridi," walimwambia. Babu alikataa, ila hakuitengeneza pia.

Siku moja tulikuwa tunaelekea Kisoro, mimi nimekaa kando yake nikipangusa kioo kwa kitambaa. Tulimwona mwendesha baiskeli aliyebeba viazi wakati tumebakiza hatua chache tu. Alijitupa mtaroni. Hakuumia, lakini gunia lilipasuka. Babu alisimamisha gari, akashuka, akaokota viazi pamoja naye kimoja kimoja bila kusema neno. Kesho yake tulikuwa kwa fundi.

Nilipoanza kusoma habari za hita niliona kwamba kauli ya wale mafundi wa Kampala ina historia yake. Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, na abiria walijifunika mablanketi. Mara nyingi huandikwa kwamba Margaret Wilcox wa Chicago, aliyepewa hataza mwaka 1893, ndiye aliyebuni hita ya motokaa. Kwa kweli kifaa chake kilikusudiwa mabehewa ya reli, na nawaomba wenzangu wasiinakili habari hiyo bila kuichunguza. Hita tunayoijua sisi ilienea Marekani katika miaka ya 1930: maji yaliyopashwa na injini hupita katika rejeta ndogo ndani ya gari, na feni ya umeme husukuma hewa kupitia rejeta hiyo. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ikaanza kuuza mfumo wa kuvuta hewa safi ya nje, kuichuja na kuipasha joto.

Huko Uingereza, ambako magari mengi ya wakati wa ukoloni yalitoka, hita ilibaki kitu cha kulipiwa zaidi kwa muda mrefu. Morris Minor na Land Rover ziliweza kununuliwa bila hita. Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa kushinda Safari Rally mwaka 1962, haikuwa na maji ya injini kabisa. Joto lake lilitokana na hewa inayosukumwa na feni ya injini, hivyo ukienda polepole ukunguni, upepo nao hupungua. Mambo yalibadilika hita ilipoacha kuhesabiwa kuwa starehe. Kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ilitaka kila gari jipya liwe na mfumo wa kuondoa barafu na mvuke kwenye kioo cha mbele. Ni hoja ileile ya mwendesha baiskeli wetu, ila yeye hakuwa na bunge la kumsemea.

Fundi wetu ana zaidi ya miaka sabini. Ufundi aliuanza Kampala akiwa kijana, na Kiswahili chake ni cha gereji na cha kambi za jeshi alimokuwa akitengeneza malori. Nilimwuliza alijifunza wapi kufungua mota ndogo ambazo vijana siku hizi huzitupa. Akanijibu, "Njaa ya spea ndiyo ilinifundisha."

Njaa hiyo tunaifahamu vitabuni kwa upande wa siasa. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, wengi wao wakiwa hawajui bidhaa walizozikuta kwenye rafu. Wenye mali mpya wakaitwa "mafuta mingi", na biashara ya mlango wa nyuma ikaitwa "magendo". Mwalimu wetu wa sarufi angesahihisha jina lile la kwanza liwe "mafuta mengi", lakini historia imeshaliandika hivyo. Tunachokikosa vitabuni ni kilichotokea chini ya boneti. Fundi anasimulia kwamba walikuwa wakichukua brashi kubwa ya kaboni ya stata, wakaisugua kwa msasa mpaka ienee katika mota ya feni au ya waipa. Mafuta ya cherehani yalitiwa kwenye bushi kwa ncha ya sindano. Naamini ufundi wa kuungaunga tunaousifu leo kana kwamba ni kipaji cha asili ulizaliwa katika miaka ile, na ulizaliwa kwa dhiki.

Kazi yenyewe ilianza upande wa abiria. Fundi alichomoa sanduku la dashibodi, akalala chali, akatenganisha waya, akafungua skurubu tatu. Mota ikashuka pamoja na gurudumu lake la plastiki lenye mapezi mengi, ambamo mlikuwa na majani makavu na manyoya ya panya. Kwanza alidhani tumeshapata chanzo cha kelele. Aliposafisha na kuizungusha kwa kidole, kukwaruza kukabaki. Alikunja vishikizo vya bati, akatoa kiini: brashi moja ilikuwa imekwisha karibu yote, na bushi ya juu ilikuwa imelika mpaka shimo si la mviringo tena, shafti inacheza ndani. Brashi angeweza kuichonga. Bushi ya namna hiyo hunywa mafuta kiwandani na kuyatunza katika vitundu vyake. Ikishalika, mafuta ya cherehani huleta kimya cha juma moja tu. Akasema tutafute nyingine.

Mota iliyotumika ilifika kwa basi kutoka soko la Kisekka, Kampala, na hapo ndipo mwanahistoria alipata kazi. Ile ya zamani ilipigwa chapa "Nippondenso". Hii iliandikwa "Denso". Kampuni hiyo, iliyojitenga na Toyota mwaka 1949, ilibadilisha jina mwaka 1996. Kwa hiyo mota "mpya" ya babu yaelekea ilitoka katika gari lililotengenezwa baadaye kuliko lake. Magari yenyewe yanazidi kuadimika: tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, hivyo spea za magari kama la babu zinatoka zaidi kwenye yale yaliyokwisha kufa humu nchini.

Soketi haikulingana, fundi akakata waya na kuunga. Tulipowasha, mota ilizunguka kwa utulivu lakini upepo ulikuwa hafifu. Mimi nilishakata tamaa. Fundi akacheka, akabadilisha waya mbili, chanya ikawa hasi, na mota ikageuza mzunguko. Karatasi niliyokuwa nimeshika mbele ya tundu ikaruka mpaka kiti cha nyuma.

Babu aliwasha injini, akangoja maji yapate moto, akapumulia kioo makusudi, akatazama mvuke ukifutika kutoka chini kwenda juu. Nilimwomba fundi ile mota ya zamani niilete darasani. Alikataa; alisema ina sumaku nzima na shaba ya kutosha, na kuna mtu wa Kisoro mwenye feni inayopiga mluzi. Alinipa ile brashi iliyokwisha, ndogo kama punje ya hindi, nami nimeiambatisha kwenye insha hii kwa gundi.