Utando Ute: Istilahi na Maana Yake Katika Maradhi ya Ukimwi

Aghalabu msomaji akutanapo na maneno "utando wa kamasi" katika vijitabu vya afya, fikira yake humwendea puani, kwani kamasi kwa Mswahili ni taka ya mafua, hupengwa ikatupwa. Ilhali tabibu aliyeyaandika alikusudia ile ngozi laini yenye unyevu itandayo ndani ya kinywa, matumbo, uke na mlango wa kizazi. Wengine wamependelea "kiwambo", nalo ni neno zuri, lakini kilichowambwa huwa kikavu na kimekazwa, wala hakitoi majimaji. Kwa rai yangu istilahi iliyo bora ni "utando ute", maana ute ni jina walitumialo wanawake wenyewe wasemapo ute wa uzazi, na hakuna aonaye haya kulitaja mbele ya mkunga.

Nalishikilia neno hili kwa kuwa utando huo ndio mahali virusi vya Ukimwi (VVU) vifanyapo uharibifu wao wa awali. Wengi wakisikia kwamba virusi hivyo hushambulia seli za kinga ziitwazo CD4 hudhani kuwa vita vimo damuni, kwa sababu damu ndiyo itolewayo kliniki ikapimwa. Kumbe damu ina kadiri ya 2 tu katika kila 100 ya limfositi zote za mwili, yaani jamii ya seli za kinga ambamo CD4 zimo, na zilizosalia zimo katika nyama na tezi, hususan katika utando ute wa matumbo. Humo, katika majuma machache ya mwanzo, seli za CD4 huangamia kwa wingi kupita zinavyopungua damuni, na miongoni mwake ni zile ziitwazo Th17, ambazo kazi yake ni kuuhifadhi utando usipenywe na bakteria. Zikishatoweka, mabaki ya bakteria huvuja hadi damuni, na mwili ukakaa katika mchochota usiokwisha.

Ama mlango wa kizazi una hali yake. Upande unaoelekea ukeni utando una tabaka nyingi za seli, bali upande wa ndani ni tabaka moja tu, na pale pande hizo zinapokutana ndipo seli za kinga zilipojazana. Mwanamke akipatwa na maradhi ya zinaa, mwili huzidi kupeleka seli za CD4 pale pale, nazo, kwa bahati mbaya, ndizo virusi vinazozitafuta. Huko Pumwani, Nairobi, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wafanyao biashara ya ngono tangu mwaka 1985, wako walioishi miaka mingi pasi na kuambukizwa. Nao walipochunguzwa, seli zao za kinga zilionekana zimetulia kuliko za wenzao.

Dawa za kufubaza virusi hupandisha hesabu ya CD4 damuni, lakini utando ute hupona polepole, tena si kikamilifu, na virusi vya HPV, visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi, hupata nafasi ya kukawia humo. Basi dada utumiaye dawa, hata ukiambiwa kwamba hesabu yako ni njema, usiache kupimwa mlango wa kizazi: Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari ya saratani hiyo mara 6 kuliko asiye navyo.