Swali Lisilokuwa na Mstari kwenye Karatasi ya Leba

Mwaka 1972 daktari Hugh Philpott na mwenzake Castle walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika Hospitali ya Harare, mjini Salisbury, Rhodesia ya wakati ule. Tatizo lililowakabili lilikuwa la kufa na kupona. Wajawazito walikuwa wakifika kutoka vituo vya mbali baada ya kukaa na uchungu siku nzima au zaidi, mtoto amekwama, na mkunga aliyewapokea kwanza hakuwa na njia ya kujua saa ipi hasa alipaswa kuwapa rufaa. Wakachukua mchoro ambao Emanuel Friedman alikuwa ameubuni New York mwaka 1954, wakauongezea mistari miwili: mmoja wa tahadhari, na mwingine, saa nne mbele yake, wa kuchukua hatua. Hiyo ndiyo patografu, karatasi ambayo wakunga wa Afrika Mashariki wamefunzwa kuijaza kizazi baada ya kizazi. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu Indonesia, Thailand na Malaysia kwa wanawake zaidi ya 35,000, waliokaa na uchungu kupita kiasi walipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Ni karatasi iliyookoa watu. Lakini isome mstari kwa mstari: mapigo ya moyo wa mtoto, rangi ya maji baada ya chupa kupasuka, mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, kichwa kimeshuka kiasi gani, uchungu unakuja mara ngapi katika dakika kumi, presha, joto, mkojo, dawa alizopewa. Kote humo hakuna mahali pa kuandika mama yuko na nani, ameelezwa nini, anaogopa nini. Hoja yangu inaanzia hapo. Kiwewe cha uzazi, yaani kile kinachobaki moyoni mwa mwanamke baada ya mwili kupona, hakitokani na ukali wa uchungu na wingi wa damu peke yake. Hutokana sana na namna alivyotendewa saa zile. Tiba imechelewa kulijua hili kwa sababu kwa zaidi ya karne moja haikumuuliza, au ilimuuliza mahali ambapo hakuweza kujibu.

Kutomuuliza kuna historia yake, na sura ya kwanza ni ya aibu. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alitafuta namna ya kuitibu fistula, tundu linaloachwa na uchungu wa muda mrefu kati ya njia ya uzazi na kibofu, ambalo humfanya mama avujishe mkojo bila kujizuia. Ni ugonjwa ambao hadi leo hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inawatibu wanawake wetu. Sims alijifunza upasuaji wake kwenye miili ya wanawake watumwa. Watatu tunayajua majina yao: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara zipatazo 30, bila dawa ya usingizi, ingawa etha ilikwisha kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Dhana kwamba mwanamke mweusi hahisi maumivu kama wengine ilikuwa imeenea miongoni mwa madaktari wa zama zile, na haikuishia kwao. Karne moja baadaye Mwingereza Grantly Dick-Read alipohubiri uzazi usio na hofu, alimchora mwanamke wa jamii alizoziita za asili kuwa anajifungua kwa wepesi, kisha anaendelea na kazi zake. Dick-Read alisema kweli katika jambo moja kubwa, kwamba hofu huzidisha maumivu. Ila sifa aliyompa mwanamke huyo ilikuwa namna nyingine ya kumnyamazisha. Ukishaamini kwamba mtu haumii, huna sababu ya kumuuliza. Na tunaposikia leo kwamba wanawake wameshonwa bila ganzi baada ya kuongezewa njia, malalamiko yaliyorekodiwa tena na tena na watafiti katika nchi nyingi, tusidhani kwamba chanzo ni ganzi kuisha stoo peke yake.

Sura ya pili inaonekana kama kinyume cha ya kwanza, maana sasa maumivu yalikubaliwa, tena na wanawake matajiri waliokuwa na sauti. Huko Freiburg, Ujerumani, Carl Gauss na Bernhard Krönig walianza kuwapa wazazi mchanganyiko wa mofini na skopolamini. Mama alisikia uchungu, alilia, alijitupatupa, lakini alipozinduka hakukumbuka kitu. Wanawake wa Marekani waliposoma habari hizo katika jarida la McClure's mwaka 1914 waliunda chama cha kuidai huduma hiyo, na wengi wao walikuwa wapigania haki ya kupiga kura. Nawaheshimu kwa hilo: walisema hadharani kwamba maumivu ya mzazi ni jambo la kushughulikiwa. Tatizo lilitokea dawa ilipovuka bahari. Freiburg ilitaka chumba chenye giza na utulivu, na mhudumu anayekaa na mama muda wote. Wodi kubwa za Marekani zilichukua sindano na kumwacha mhudumu. Mama aliyepoteza fahamu nusunusu alifungwa mikono kitandani asijiumize, akaachwa peke yake.

Mtu angetarajia kwamba, kumbukumbu ikifutwa, kidonda nacho kisingekuwapo. Haikuwa hivyo. Novemba 1957 jarida la Ladies' Home Journal lilichapa barua fupi ya nesi mmoja aliyeomba ukatili wa wodi za wazazi uchunguzwe. Barua za akina mama zikamiminika, na Mei 1958 jarida likachapisha baadhi yake. Waliandika juu ya kufungwa kwa saa nyingi, kuachwa bila mtu, kubaniwa miguu ili mtoto asitoke kabla daktari hajafika. Walilalamikia mikono iliyowashika, maneno waliyoambiwa, na upweke kuliko walivyolalamikia maumivu ya kuzaa. Tena wakati huo vifo vya uzazi nchini Marekani vilikuwa vimeshuka sana kuliko miaka ya 1930. Hatari ya kufa ilipungua, kiwewe hakikupungua sawasawa nayo. Uingereza nako, mwaka 1960, barua ya Sally Willington magazetini ilizaa chama ambacho jina lake la kwanza lilidai wajawazito wasitendewe ukatili.

Hata hivyo wataalamu wa akili hawakuwa na mahali pa kuyaweka maneno hayo. Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipouingiza ugonjwa wa kiwewe katika mwongozo wake mwaka 1980, kilitaka tukio lenyewe liwe nje ya yale yanayowapata binadamu kwa kawaida. Vita ilikubaliwa. Kuzaa, ambako hutokea kila dakika, hakukuweza kukubaliwa. Mwaka 1994 kipimo kikabadilishwa: kikatazama kama mtu alikabiliwa na kifo au madhara makubwa, na yeye mwenyewe aliyapokeaje. Kuanzia hapo utafiti juu ya akina mama ukafunguka. Mwaka 2004 muuguzi na mtafiti Cheryl Beck alichapisha masimulizi ya wanawake 40 kutoka New Zealand, Marekani, Australia na Uingereza, na waliyoyataja yalikuwa kukosa kujaliwa, kutoelezwa kinachoendelea, kusalitiwa na waliowaamini, na maumivu yao kuhesabiwa si kitu kwa kuwa mtoto ametoka salama. Uzazi ambao daktari aliuandika kuwa wa kawaida uliweza kuwa, kwa aliyezaa, siku mbaya kuliko zote.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: hayo si mambo ya Wazungu wenye nafasi ya kuchunguza nyoyo zao? Huku kwetu mama hukaza roho, hupewa mtoto, na yakaisha. Hoja hii ina nguvu, maana ni kweli kwamba katika jamii zetu nyingi kujikaza ni heshima ya mzazi. Lakini ilishapimwa. Mkoani Tanga, Margaret Kruk na wenzake waliwauliza wanawake 1,779 walipokuwa wakitoka katika vituo walikojifungulia, kama walifokewa, kupigwa, kuachwa peke yao, kukosa faragha au kuzuiliwa. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 19.48. Kisha baadhi yao wakafuatwa nyumbani kati ya wiki ya tano na ya kumi, wakaulizwa tena. Safari hii waliosema ndiyo walifika asilimia 28.21. Uzazi ni uleule. Kilichobadilika ni mahali na wakati wa kuulizia. Mama aliye bado kwenye uwanja wa hospitali, kadi mkononi, anajua kwamba kesho anaweza kurudi na mtoto mwenye homa kwa nesi yuleyule. Ukimya wake getini si ushahidi kwamba hakuumia. Na waliosimulia zaidi walikuwa maskini, waliosoma zaidi, na waliokuwa na sonona mwaka uliotangulia. Mtu angeweza kusema basi wenye sonona huona vibaya kila kitu. Mimi naona maskini na msomi wamo kwenye orodha moja: mmoja hutendewa vibaya zaidi, mwingine anajua zaidi kwamba hakustahili.

Yapo mengine yanayotukataza kusema haya yaliletwa na hospitali tu. Uzazi wa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, na mama mzazi au shangazi nyuma ya mgongo, ulikuwa na kitu ambacho wodi ilikipoteza: watu. Lakini watu hao hawakuwa wapole siku zote. Sehemu kadhaa za Tanzania, uchungu uliposhindikana ulichukuliwa kuwa dalili ya uzinzi, na mwanamke aliyekuwa akipigania roho yake alitakiwa kutaja wanaume. Mbele ya mashangazi na mkwe, aliyekwama kwa sababu ya nyonga nyembamba aligeuzwa mshtakiwa. Kwa hiyo kuwa na mtu pembeni si dawa peke yake. Inategemea mtu huyo yuko upande wa nani. Hospitali za misheni ziliwaondoa washitaki hao, na hilo ni jema kubwa. Huko Mengo, Albert Cook na mkewe Katharine waliwafunza wanawake wa Buganda ukunga wa kisasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ila kazi hiyo ilisukumwa na hofu ya serikali kwamba idadi ya watu inapungua. Ilihesabu waliozaliwa na waliokufa. Mwanamke mwenyewe alihusika kama njia ya kupata hesabu. Mazoea hayo yalirithiwa. Katika hospitali nyingi za umma ndugu bado huishia mlangoni, na mama huingia leba na beseni lake, kanga, mpira wa kutandika, pamba, glavu, nyembe na kibanio cha kitovu. Sera ya Tanzania inasema huduma ya uzazi ni bure, lakini aliyekuja na pungufu ndiye anayefokewa kwanza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uhai. Tanzania ilikuwa na vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016, na 104 katika ule wa 2022, huku wanaojifungulia vituoni wakipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Nani atajali makaripio mbele ya takwimu hizo? Nami nasema hospitali isiachwe. Anayewashauri wajawazito wakae nyumbani anawapeleka kaburini. Lakini takwimu hizo zinaongeza uzito wa hoja, haziupunguzi, kwa sababu sasa wanawake wanne kati ya watano wanapita kwenye mlango uleule. Pingamizi jingine ni la wauguzi wenyewe: wachache, wamechoka, mmoja akihudumia vitanda vingi usiku kucha. Ni kweli, na uchache wao unaeleza kwa nini mama huachwa peke yake. Hauelezi kofi. Mwaka 2013 mwanamke mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya rufaa ya Bungoma, Kenya, vitanda vikiwa vimejaa, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi; Mahakama Kuu ilimpa haki yake Machi 2018, na fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Miaka miwili na nusu hivi kabla ya hukumu hiyo mahakama ilikwisha kuamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni la uzazi kulivunja haki zao. Kufungia watu kwa sababu ya bili hakutokani na upungufu wa wauguzi.

Tena dawa yake haiko mbali. Katika hospitali moja ya Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 1980 uliwapa baadhi ya wazazi mwanamke wa kukaa nao leba: hakuwa mtaalamu, wala hawakumjua kabla. Alizungumza nao, aliwasugua mgongo, aliwashika mkono. Tangu kupokelewa hadi kujifungua walichukua wastani wa saa 8.8; wale walioachwa peke yao, saa 19.3. Majaribio mengi yaliyofuata, katika nchi 17, yameonyesha pia kwamba aliye na msindikizaji huelekea kutouona uzazi wake kuwa mbaya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe, na mwongozo wake mpya wa leba wa mwaka 2020 una sehemu ya kuandika kama yupo, kama mama amepewa nafuu ya maumivu, amekunywa kitu, amekaa mkao gani. Wasimamizi wa wodi hujibu kwamba hakuna nafasi na faragha ya wengine itavunjwa. Pazia kati ya vitanda linajibu sehemu kubwa ya hoja hiyo, na ni kitu cha bei nafuu kuliko vingi vinavyonunuliwa kwa ajili ya leba. Kinachobaki ni wiki ya sita, mama anaporudi kliniki. Mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, mama hupimwa presha na kuulizwa juu ya uzazi wa mpango. Hapo ndipo aulizwe alivyotendewa siku ya kujifungua, na anayemuuliza awe mtu asiyefanya kazi katika wodi aliyozalia. Na majibu yapelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya pamoja na takwimu za vifo, yasomwe katika kikao kilekile.