Mchoro Tangulizi: Kumpa Sura Kiumbe Asiyekuwepo

Mchoro tangulizi ni mchoro unaobuni sura ya kiumbe, vazi, chombo au mahali kabla filamu au mchezo wa kompyuta haujatengenezwa. Walengwa wake wa kwanza ni mchongaji, mshonaji na mwongozaji, ambao watafanya kazi kwa kuufuata.

Wapo wanaoiita kazi hii "sanaa ya dhana". Jina hilo lina wenyewe: wasanii wa miaka ya 1960 waliosema wazo ndilo kazi ya sanaa, hata kitu kisipoundwa. "Rasimu" nayo haitoshi, kwani rasimu ya katiba ikikamilika huwa katiba, ilhali mchoro hukabidhiwa fani nyingine. Neno "tangulizi", tulilokwisha kulizoea katika "tafiti tangulizi", linaonyesha nafasi ya kazi hiyo: inakuja mwanzo, na nyingine zinaitegemea.

Tuchukue mbuai wa majini. Kabla ya kuchora meno, mchoraji hujiuliza: anawindaje? Chewa huvizia mwambani, kisha hupanua kinywa na kuvuta windo pamoja na maji. Ndiyo maana ana kichwa kikubwa na mkia wa mviringo. Nduaro hukimbiza, hivyo mwili wake ni mwembamba na mkia wake una panda. Mbuai wa kubuni aliyepewa kinywa cha mviziaji na mkia wa mkimbiaji bila sababu hamtishi mtu.

Mfano mashuhuri ni mtu-samaki wa filamu ya Marekani Creature from the Black Lagoon ya mwaka 1954. Milicent Patrick, mchoraji wa kampuni ya Universal, ndiye aliyembuni: magamba mwilini, matamvua shingoni, utando kati ya vidole. Chris Mueller akachonga kichwa, na hatimaye likapatikana vazi la mpira ambalo Ricou Browning aliogelea nalo katika chemchemi ya Wakulla, Florida. Kila kamera ilipowashwa, Browning alibana pumzi. Kiumbe aliyechorwa akiwa na matamvua hawezi kuonekana akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Mchoro ulikuwa umekwisha kuamua.

Hata hivyo, filamu ilipotoka, aliyetajwa ni Bud Westmore, mkuu wa idara ya upambaji. Jina la Patrick halikuandikwa. Istilahi haiwezi kumlipa haki yake, lakini ikieleza wazi kwamba kuna kazi iliyotangulia, inamlazimu msomaji aulize ni nani aliyeifanya.